Shamba Moja, Meza Moja

Jina la Mama Matundu alipewa na wateja, naye hakulikataa. Mchicha wake ulikuwa na matundu, kabichi zake zilikuwa na matundu, na hata majani ya figili, ambayo wengi huyakata na kuyatupa, yalikuwa yametobolewa kama chujio. Mteja mgeni akiinua fungu na kulitazama huku amekunja uso, yeye alicheka akamwambia, "Mdudu si mjinga, mwanangu. Amekula na hakufa. Wewe una wasiwasi gani?" Baadhi walicheka naye wakanunua. Baadhi waliliweka fungu chini polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu, wakasogea meza ya pili.

Soko lilikuwa la Jumamosi tu, katika uwanja wa kuegesha magari nyuma ya maktaba ya mji. Siku nyingine palikuwa na mistari myeupe na madoa ya oili. Jumamosi asubuhi zilipangwa meza, zikatandikwa vitambaa, na langoni kikasimamishwa kibao cha kijani kilichoandikwa: KILA KITU HAPA KIMELIMWA NA ANAYEKIUZA. Kwa ajili ya kibao kile watu walikubali bei ambayo kwingine wangeigombania. Walikuja na vikapu vyao, na watoto wao, na maswali ambayo hawangemuuliza muuzaji wa mahali pengine: mmevuna lini, mmeweka mbolea gani, maji mnatoa wapi. Mama Matundu aliyapenda sana maswali hayo. Shambani mtu unaweza kuinama msimu mzima na asitokee wa kukuuliza lolote.

Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo wa mumewe, kipande cha mteremko kinachoishia kwenye kijito. Alipoolewa alikikuta ni magugu na mawe. Baba mkwe, alipokuwa hai, alifungia mbuzi tu pale. Ni yeye aliyepanda na kushuka kijitoni kubeba mawe ya kuzuia udongo usimomonyoke, mengine aliyabeba na tumbo la mimba. Mumewe, fundi baiskeli, alimsaidia jioni akishafunga kibanda. Huyo ndiye aliyekuwa akimwambia, kila alipokata tamaa, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha mume akaugua kifua, akafa, akamwacha na binti mmoja, na mama mkwe ambaye miguu ilishaanza kumgomea, na udongo mweusi kama masizi ambao sasa ulikuwa ukiotesha chochote unachoutupia.

Mume alikuwa na mdogo wake. Watu walimwita Mtaji. Aliuza simu, ikafa biashara; akauza mitumba, ikafa; akafungua sehemu ya kuosha magari mahali pasipopita magari, ikafa nayo; na kila mara kilichokosekana, kwa maelezo yake, kilikuwa mtaji. Hakuwa mtu mbaya wa kumtazama. Alikuwa mchangamfu, mwepesi kushika mtoto wa mwenzake na kumrusha juu, na alijua kumsikiliza mtu kana kwamba hajawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Alipokuja kuomba aingizwe kwenye soko la Jumamosi, Mama Matundu hakuona ubaya. Alimpeleka mwenyewe kwa katibu wa soko.

"Huyu ni shemeji yangu," alimwambia katibu. "Ni mtu wa kwetu. Mpeni meza."

Wakampa, hatua chache kutoka ya kwake.

Mwanzoni Mtaji aliuza ziada ya shamba lile lile. Akapanda na matuta mawili ya vitunguu upande wa juu, akaviacha bila palizi, vikatoka vidogo kama gololi. Lakini meza yake haikupungukiwa. Vitunguu vikubwa vikatokea. Zikatokea pilipili hoho za kijani, nyekundu na njano, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nyanya zikatokea msimu ambao za Mama Matundu zilikuwa bado maua, nyanya zilizolingana kama zimezaliwa tumbo moja. Karoti zikatokea na udongo wake, na udongo huo ulikuwa mwekundu.

"Shemeji, huu udongo mwekundu umeutoa wapi?" alimuuliza siku moja, wakikunja meza.

"Nimekodi sehemu kule juu," Mtaji alijibu, akionyesha kwa kidevu upande ambao ungeweza kuwa popote. "Nisikutegemee wewe kila siku. Au vibaya?"

Haikuwa vibaya. Ndugu akikwambia amekodi shamba, humwombi akuonyeshe mipaka. Na shukrani zilimziba macho, kwa sababu Mtaji alikuwa amemwajiri binti yake. Binti alikuwa amemaliza shule, akazunguka na vyeti vyake hadi bahasha ikalegea pembe, asipate kitu. Baba yake mdogo akasema, njoo unisaidie, nitakulipa kama mtu na siyo kama ndugu. Akamlipa kweli. Binti alinunua viatu, akamnunulia bibi yake shuka la joto, na nyumbani ikaanza kusikika sauti yake akiimba anapofua.

Jumamosi moja mchana, baada ya soko, binti alikuwa anaosha vyombo nyuma ya nyumba, mikono ya blauzi ameikunja. Mama yake alipita na ndoo akaona kitu kimenata juu ya kiwiko chake. Alidhani ni jani. Alikibandua. Ilikuwa stika ndogo ya duara, ya rangi ya bluu, yenye jina la kampuni na jina la nchi ya mbali ambayo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kuikanyaga.

"Nini hii?"

Binti aliitazama, akaendelea kusugua sufuria.

"Nakuuliza wewe."

"Stika tu, mama."

"Ya nini?"

"Ya parachichi." Akasuuza sufuria ambayo ilishasuuzwa. "Huwa tunazitoa asubuhi kabla hatujapanga. Baba mdogo anasema zinachafua meza."

"Parachichi. Sisi tuna mparachichi?"

"Mama, na wewe."

"Nimekuuliza, tuna mparachichi hapa?"

"Hatuna," alisema binti, na alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa hasira iliyochanganyika na aibu. "Hatuna mparachichi, hatuna shamba kule juu, hatuna chochote. Kila kitu kinatoka soko la jumla, kule nyuma ya gereji za mabasi. Karoti huwa zinakuja zimeoshwa. Tunazipaka udongo. Kuna ndoo ya udongo stoo. Sasa umeshajua, utaniambia niache kazi, si ndiyo?"

Hakumwambia aache kazi. Hilo lilimsumbua baadaye kuliko mengine yote: kwamba alisimama pale, kikulacho ki nguoni mwake, stika imeganda kwenye kidole, na jambo la kwanza aliloliwaza lilikuwa vile viatu.

Kesho yake alikwenda kwa Mtaji. Alimkuta uani, anasikiliza mpira kwenye redio. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na kila kitu kilikuwa pale bila hata kufichwa: kreti za plastiki, maboksi yenye maandishi ya kigeni, na ndoo ya udongo mwekundu yenye brashi juu yake, brashi ya kupakia rangi.

"Shemeji, unanidhalilisha," alisema.

"Mimi? Nimekudhalilisha wapi? Karibu ukae."

"Sikai. Pale langoni pameandikwa kila mtu anauza alicholima. Mimi nilikusimamia. Nilisema huyu ni mtu wa kwetu."

Mtaji alipunguza sauti ya redio. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Hebu nikuulize," alisema. "Wewe unalima kweli. Hakuna anayebisha. Ukimaliza kulima, unakaa pale na matundu yako unawahubiria watu kuhusu wadudu, halafu saa ya kufunga unarudi na nusu ya mzigo, unampa jirani akalishe sungura. Si kweli? Mimi sijamnyang'anya mtu. Watu wanataka nyanya nzuri kutoka kwa mtu mwenye udongo kwenye mikono. Nyanya nzuri ninazo. Udongo ninao." Akacheka, akionyesha ndoo. "Ukweli mdogo unaokosekana uko kwako, na hata huo si tatizo. Sisi si ndugu?"

Hakuelewa maneno yale ya mwisho. Aliyaelewa baadaye.

Alikwenda kwa katibu wa soko, mwanamke mpole aliyependa kila mtu apendane na kila mtu. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo ndani ya maktaba, kimejaa vitambaa vya meza na vikapu vya maonyesho. Alimsikiliza hadi mwisho, amemshika mkono.

"Mama, hili ni jambo zito," alisema. "Lakini tukimgusa mmoja, itaonekana tumemlenga. Acha tufanye ukaguzi wa mashamba yote. Kamati itatembelea kila muuzaji. Asiye na shamba ataonekana, siyo?"

"Ataonekana," alisema Mama Matundu, na akarudi nyumbani amesimama wima zaidi. Wiki zile alifanya kazi kama bibi harusi anayepamba nyumba. Alipalilia hadi mpakani. Alipanga upya mawe yaliyobomoka. Alifunga nyanya kwenye vijiti vipya. Alitaka wakija waone kila tuta, hata lile la bilinganya ambalo halikuwahi kuwa na adabu.

Wakaja siku ya kazi, asubuhi. Alikuwa ameinama kwenye mchicha aliposikia gari likizima juu ya njia, akasikia vicheko, na kati ya vicheko akaitambua sauti. Alipoinuka aliiona kamati inateremka mteremko, katibu mbele na mpiga picha nyuma, na anayewaongoza, amevaa buti mpya za mpira ambazo hazijawahi kukanyaga tope, alikuwa Mtaji.

"Angalieni hapo, pana utelezi," alikuwa akisema. "Haya mawe yote mnayoyaona yalibebwa kwa mkono kutoka kule chini. Kwa mkono! Marehemu baba yangu alifuga mbuzi hapa. Sisi tukasema hapana, ardhi hii lazima izae."

Katibu alimwona Mama Matundu akafurahi, kisha akachanganyikiwa.

"Mama! Kumbe na wewe uko hapa?"

"Hapa ni kwangu," alisema Mama Matundu.

"Ni kwetu," alisema Mtaji upesi, kwa upendo, akamwekea mkono begani mbele za watu. "Huyu ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka. Yeye ndiye roho ya shamba hili. Mimi nahangaika na soko, yeye anahangaika na udongo. Ni shamba la familia."

"Hana hata jembe moja hapa," alisema Mama Matundu. Sauti yake ilitoka nyembamba, si ile aliyokuwa ameitayarisha. "Hii yote nimelima mimi. Anachouza yeye anakinunua soko la jumla. Nilikwambia, katibu."

Wajumbe wakatazama chini, kama watu walioingia chumba ambamo mume na mke wanagombana. Mtaji alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Ni mambo ya nyumbani," aliwaambia. "Tangu kaka afariki. Mnisamehe."

Katibu akatafuta mtu wa kumtoa kwenye aibu ile, akamwona mama mkwe, ameketi kwenye kiti chake mlangoni, shuka jipya magotini. Akamwendea, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza kwa sauti ya kutosha wote wasikie, "Bibi, hili shamba ni la nani?"

Bibi alimtazama mgeni, akamtazama Mtaji, akatazama matuta.

"La mwanangu," alisema.

Hakuna aliyemuuliza mwana yupi. Mpiga picha akapiga picha. Alimpiga Mama Matundu pia, akamwomba ashike fungu la mchicha na asijifute mikono. "Hivyo hivyo, mama, inapendeza."

Walipoondoka, alikwenda akasimama mbele ya kiti cha mama mkwe. Miaka yote ile alikuwa amemwogesha, amemlisha, amemgeuza akiumwa.

"Mama, ulimaanisha mwana yupi?"

Bibi alivuta shuka. Alipojibu, hakuna aliyeweza kusema amekosea.

"Wewe unanipa chakula, mwanangu, Mungu akulipe. Lakini aliye hai ndiye anayeninunulia dawa. Yule mwingine nitakutana naye karibuni, nitamwomba radhi mwenyewe."

Uamuzi wa kamati ulisomwa Jumamosi iliyofuata, kwa upole. Ilionekana kwamba wauzaji wawili walikuwa wakitumia shamba moja, na kanuni ilikuwa shamba moja, meza moja. Kwa kuwa meza ya Mtaji ndiyo iliyokuwa na bidhaa nyingi na wateja wengi, familia ingeendelea na hiyo. Katibu alimshika tena mkono. "Huondoki, mama," alisema. "Mmeungana tu." Mahali pa meza yake wakamweka mtu wa sabuni za asali.

Halafu likaja bango. Hakuambiwa na Mtaji wala binti, aliambiwa na jirani aliyepita pale. Alivaa nguo ya kutokea akaenda kuliona. Lilitundikwa nyuma ya meza ya Mtaji, kubwa kama pazia la harusi, na juu yake alikuwa yeye: kitambaa chake cha kichwa, kovu la kidevuni, mikono yake yenye tope imeshika mchicha. Chini yake, maandishi: TUNALIMA WENYEWE. Na chini ya maandishi, zimepangwa kama askari, nyanya za soko la jumla.

Binti alikuwa anahudumia. Alipomwona mama yake mkono ulisita juu ya mizani, kisha ukaendelea.

Kulikuwa na mteja mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akinunua kwa Mama Matundu tangu soko linaanza. Ndiye aliyekuwa akisema kwamba kabichi zake zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Sasa alikuwa anajaza nyanya kwenye kikapu. Mama Matundu alimsogelea.

"Mwalimu, hizo hazikutoka kwangu. Wala hazikutoka shamba lolote la huyu."

Mwalimu aligeuka. Alimtazama, akalitazama bango, akamtazama tena, akashusha sauti.

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Nyanya msimu huu? Sisi sote si tunatoka kwenye jembe? Najua." Aliweka nyanya nyingine kikapuni, kwa uangalifu. "Lakini mimi naishi peke yangu. Jumamosi navaa shati, nakuja hapa, nasalimiana na watu, narudi nimebeba kitu najisikia nimefanya jambo la maana. Ningejua unakuja kusema hivi kwa sauti, ningepita njia nyingine. Nisamehe."

Akalipa, akaondoka bila kusubiri chenji.

Hapo ndipo Mama Matundu alipozunguka nyuma ya meza. Alishika kamba ya bango akaanza kufungua fundo. Hakuwa anapiga kelele. Fundo lilikuwa gumu na kucha zake fupi, na upande mmoja ulipoachia, sura yake mwenyewe ikaanguka ikamfunika kichwani, akawa anapapasa ndani ya turubai kama mtu aliyenaswa kwenye wavu. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Mkono mmoja ukamtoa. Ulikuwa wa binti yake.

"Mama, tafadhali," alinong'ona. "Tafadhali. Unanitia aibu."

 Mtaji alisimama pembeni na uso wa mtu anayevumilia mgonjwa wake. Mama Matundu aliiachia kamba. Alipofika kwenye mti wa mwisho wa uwanja aligeuka akaona wanalitundika tena, binti amepanda juu ya kreti, baba yake mdogo anamshikilia asianguke.

Msimu ule hakupanda. Ilikuwa silaha pekee aliyoiona: kama shamba ni lao, walilime. Magugu hayakuhitaji kubembelezwa. Mvua ilipokuja, mawe mawili matatu yaliachia, na kila moja alilisikia likibiringika, kwa maana alikuwa bado analala nyumba ile ile ya shambani, bado anamwogesha bibi. Alikodi ukanda mwembamba nyuma ya kiwanda cha matofali, udongo umechoka, maji ya kubeba kwa ndoo kutoka mbali, akaanza upya akiwa na mgongo wa mtu mzima.

Kamati ilikuja tena kukagua mashamba. Siku moja kabla, Mtaji alileta vibarua na gari la miche kutoka kitaluni. Walifyeka, wakachimba vishimo, wakachomeka miche mbiombio kama watu wanaopanga maua ya mazishi. Mama Matundu aliwatazama akiwa dirishani. Alijiambia: wataona. Mkulima yeyote angeona. Miche ilikuwa imelegea, mingine ilikuwa bado na kifuko cha plastiki kwenye mizizi. Kamati ilitembea juu, ikatembea chini, ikasifu usafi. Katibu alimpungia mkono dirishani. Miche ikanyauka wiki hiyo hiyo, na mwisho wa mwaka Mtaji akachaguliwa mwenyekiti wa soko. Alishukuru kwa machozi, na wanaomjua wanasema machozi yalikuwa ya kweli.

Chema chajiuza? Mama Matundu alikuwa anakiuza sasa kwenye beseni, karibu na geti la hospitali, pamoja na wanawake wengine wa njiani. Wenzake walinunua soko la jumla na hawakuficha, hakuna aliyewauliza. Pale hapana kibao. Lakini watu wana kibao chao kichwani. Mara ya kwanza alipomwambia mteja kwamba mchicha ule ameulima mwenyewe, mteja, mwanamke nadhifu mwenye mkoba, alirudisha fungu kama limemchoma.

"Umelima wapi? Hapa mjini? Nyie mnamwagilia maji ya mitaro, tunawajua." Akachukua la muuzaji wa beseni la jirani, lililotoka kwenye lori.

"Usiwe unasema umelima," jirani yake alimshauri, akimcheka kidogo na kumwonea huruma kidogo. "Sema limeletwa."

Akaanza kusema limeletwa. Likanunuliwa.

Bibi alikufa msimu wa baridi. Dawa zilikuwepo hadi siku ya mwisho. Mtaji hakupungukiwa hapo. Baada ya matanga alimwambia shemeji yake, kwa ule upole wake, kwamba anaweza kuendelea kukaa kwenye chumba cha nyuma kadiri apendavyo, ili mradi sehemu ya mbele apate pa kuwapokelea wageni wa soko. Mama Matundu alifunga vyombo vyake akahamia chumba cha kupanga karibu na kiwanda cha matofali, ambako vumbi jekundu huingia hata likikuta dirisha limefungwa.

Binti alibaki na baba yake mdogo. Alikuwa amepandishwa, anasimamia wasichana wengine. Hawakugombana. Walipiga simu, wakaulizana hali, wakakata.

Asubuhi moja Mama Matundu alimwona binti anakuja kando ya ukuta wa hospitali, amependeza, anaruka madimbwi. Alisimama mbele ya beseni, akachuchumaa, akamsalimia. Wakaongea hili na lile, hadi maneno ya kuzungukia yakaisha.

"Nimetumwa," binti alisema. "Nataka mchicha. Na kama una bilinganya."

"Nani kakutuma?"

"Baba mdogo. Kwa ajili ya kule nyumbani kwake, wa kula wenyewe." Hakumtazama. "Mke wake kakataza watoto kula vile vya mezani. Anasema hajui vimepuliziwa nini huko vinakotoka. Wamekumbuka vyako."

 Mama Matundu akaanza kucheka, kicheko kibaya, kikavu, kilichomfanya jirani yake ageuke. Alicheka hadi akashika tumbo, na binti, aliyechuchumaa pale na viatu vyake vizuri, hakujua amshike au amwache.

Beseni lilikuwa limejaa hadi ukingoni, bado lina unyevu wa alfajiri.

"Kamwambie vimeisha," alisema, alipoweza kusema.

Binti alilitazama beseni. "Mama."

"Vimeisha. Kamwambie shemeji yangu kwamba soko la jumla liko palepale, nyuma ya gereji za mabasi."

"Atajua nimedanganya."

"Basi ajue."

 Binti akasimama, akajipangusa sketi. Akawa kama anataka kuondoka, kisha akauliza, kwa sauti ya udogoni ambayo mama yake hakuwa ameisikia siku nyingi, "Na mimi je? Mimi sijala mboga ya maana tangu uhame."

Mama yake alichagua fungu, akalirudisha, akachagua jingine lililo bora, akalishika mkononi bila kulitoa.

"Hili halitoki hapa kwenda nyumba ile," alisema. "Ukitaka kula, njoo Jumapili, nitalipika. Chumba ni kidogo, utakaa kitandani."

"Nitakuja."

"Usiseme tu."

"Nitakuja, mama."

Jumapili alimngoja tangu asubuhi, mlango wazi, vumbi linaingia. Saa sita ikapita, chakula kikapoa. Binti alifika jua likianza kuinama, amechoka, anasema walikuwa wanapokea mzigo. Mikono yake ilinuka maboksi. Mama alimmiminia maji anawe, akawasha tena jiko, wakala bila kuongea sana, na alipomaliza binti akaomba aongezewe.